Kabla ya kuchora roketi inayorudi: mafuta, injini na mwili, uchague kipi?

Itazame picha ya hatua ya kwanza ya Falcon 9, yaani sehemu ya chini ya roketi hiyo ya SpaceX inayoinyanyua kutoka ardhini, ikiwa imesimama juu ya meli baada ya kutua. Sehemu ya chini, penye tangi la mafuta ya taa, ni nyeusi tii. Juu yake, penye tangi la oksijeni, weupe umebaki, na mpaka kati ya weusi na weupe umenyooka kana kwamba umepigwa rula. Hakuna aliyeipaka rangi hivyo. Oksijeni kimiminika ina baridi ya nyuzi 183 chini ya sifuri, ganda la tangi lake hushika barafu, na roketi inaposhuka kinyumenyume ikipita ndani ya moshi wake yenyewe, masizi hayapati pa kunata.

Masizi ya nje yanaoshwa yakaisha. Yaliyo ndani ya injini ndiyo yanayoamua kama chombo kitaruka tena wiki ijayo au mwakani. Ndiyo maana katika ulinganisho huu sitaanza na tani za mzigo wala kasi. Nitauliza swali moja kwa kila chaguo: baada ya kutua, utalazimika kufungua nini? Roketi inayotupwa inapimwa kwa nguvu yake siku moja tu. Inayorudi inapimwa kwa hali yake asubuhi ya pili.

Hatua ya kwanza kabisa ya Falcon 9 kurushwa mara ya pili ilitua Aprili 2016 na kuruka tena tarehe 30 Machi 2017, karibu mwaka mzima baadaye. Kufikia Machi 2025 muda mfupi kabisa kati ya safari mbili za chombo kimoja ulikuwa siku 9. Mafuta ni yaleyale na aina ya injini ni ileile. Kilichobadilika ni toleo lililorekebishwa mwaka 2018 kwa ajili ya kurudiwa, pamoja na ujuzi uliokusanywa safari baada ya safari wa kipi kifunguliwe na kipi kiachwe.

Ninazungumzia roketi za uzito wa kati, yaani zinazofikisha takriban tani 2 hadi 20 kwenye obiti ya chini. Hapo ndipo uchaguzi ni mgumu zaidi. Roketi kubwa mno ina nafasi ya kubeba makosa ya uzito, na ndogo mno mara nyingi haiwezi kumudu mafuta ya kurudia.

Mafuta: hapa ndipo mengine yote yanapoamuliwa

Mafuta ya taa yana sifa moja ambayo watu huipita haraka: ni mazito, na kwa tangi hilo ni jambo jema. Ukiyachanganya na oksijeni kwa kiwango kinachotumika kwenye injini, lita moja ya mchanganyiko ina uzito wa kilo 1 na kidogo. Methani na oksijeni zinakupa karibu kilo 0.83 kwa lita. Hidrojeni na oksijeni, kilo 0.36 tu. Kwa hiyo roketi ya mafuta ya taa ina tangi dogo na mwili mwembamba, na mafuta yenyewe yanakaa ghalani bila kuhitaji baridi kali.

Tatizo lake ni kaboni. Ili turbini inayoendesha pampu za mafuta isiyeyuke, kichomeo kidogo kinachoizungusha hulishwa mafuta mengi na oksijeni kidogo, na moto wa namna hiyo hutoa masizi, kama koroboi iliyopandishwa utambi kupita kiasi. Kuna pia utando unaojijenga ndani ya mifereji ya kupozea: mafuta yakipashwa moto mno huacha tabaka jembamba la kaboni ukutani, tabaka hilo huzuia joto lisitoke, ukuta huzidi kuwaka, na utando huzidi kunenepa. Hata hivyo usiyapuuze mafuta haya. Baadhi ya hatua za Falcon 9 zimesharuka zaidi ya mara 30, zote kwa mafuta ya taa. Masizi yanavumilika ukiwa na watu wanaoyajua.

Methani ina kaboni moja tu kwa kila molekuli, na inaungua ikiwa safi zaidi. Faida yake ya pili inahusu mpangilio wa matangi: inachemka kwenye nyuzi 161 chini ya sifuri, jirani kabisa na oksijeni, kwa hiyo matangi mawili yanaweza kushiriki ukuta mmoja bila blanketi nene katikati. Ya tatu naiona kubwa kuliko zote. Methani iliyogeuzwa gesi na joto la injini inaweza kurudishwa tangini kusukuma mafuta, na ukafanya hivyo hivyo kwa oksijeni, ukaachana na heliamu, gesi ya chupani inayotumika kusukuma mafuta kwenye roketi nyingine. Tarehe 1 Septemba 2016 Falcon 9 moja ililipuka kwenye jukwaa la kurushia huko Cape Canaveral, kabla hata ya kuwashwa kwa majaribio. Chanzo kilikuwa chupa ya heliamu iliyozama ndani ya tangi la oksijeni: oksijeni ilinaswa kati ya ganda la ndani la alumini na nyuzi za kaboni zilizolizunguka, kisha ikawaka. Kila chupa ya shinikizo unayoiondoa ni kitu kimoja kidogo cha kukagua.

Gharama ya methani ni ukubwa na uchanga wake. Mita moja ya ujazo ina kilo 420 hivi, karibu nusu ya mafuta ya taa, kwa hiyo tangi linanenepa. Ikivuja ndani ya sehemu ya injini iliyofungwa, ikakutana na oksijeni, mlipuko hauko mbali. Na uzoefu wake ni mfupi: roketi ya kwanza ya methani kufika obiti ni Zhuque-2 ya kampuni ya LandSpace ya China, tarehe 12 Julai 2023.

Hidrojeni naipitia haraka. Kwa kila kilo, haina mshindani; injini za Space Shuttle zilifikia msukumo mahususi, yaani kipimo cha nguvu inayopatikana kwa kila kilo ya mafuta, wa sekunde 452 katika ombwe, ilhali injini za methani zinazunguka 350. Lakini nyuzi 253 chini ya sifuri, tangi kubwa kupindukia, na gesi inayopenya kila kiungo na kudhoofisha baadhi ya metali, vyote hivyo kwenye hatua ya kwanza ya roketi ya kati ni mzigo usiolipa. Iweke kwenye hatua ya pili ukipenda, kama wanavyofanya Stoke Space na roketi yao ya Nova.

Ukianza leo bila injini yoyote mkononi, chukua methani. Ukiwa tayari una injini ya mafuta ya taa iliyokwisha kuwaka mara mia kwenye stendi, baki nayo. Injini unayoijua tabia yake ni mali kubwa kuliko mafuta bora yaliyo kwenye karatasi.

Injini: hesabu mara za kuwasha, usihesabu dakika

Wengi wanaolinganisha injini hutazama shinikizo la chumba cha mwako. Merlin ya Falcon 9 iko karibu bar 97. RD-180 ya Urusi inavuka bar 250. Raptor, ya SpaceX pia, iko karibu 300. Namba hizo zinavutia, nami pia zilinivutia zamani. Sasa huwa natazama kwanza ukuta wa chumba.

Sogea karibu nao. Upande mmoja kuna gesi yenye nyuzi zaidi ya 3,000. Kisha kuna utando wa aloi ya shaba, mara nyingi usiozidi unene wa milimita 1. Shaba safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, kwa hiyo kinachoiokoa ni mifereji midogo iliyochongwa nyuma yake, ambamo mafuta baridi hupita kwa kasi. Injini inapowaka, uso wa ndani wa shaba hutaka kutanuka lakini mgongo wake wa baridi unaukatalia, basi unajibana wenyewe kwa wenyewe. Injini inapozimwa, uso ule uliokwisha kujibana sasa unavutwa. Washa, zima, washa, zima. Kila mara sakafu ya kila mfereji inakonda kidogo na kubinuka kuelekea kwenye moto, mpaka ukiikata na kuitazama kwa kikuzio inafanana na paa la kibanda. Mwisho unatokea ufa mwembamba kama unywele, umelala kando ya mfereji, na mafuta yanaanza kupenya.

Kinachochosha ukuta huo zaidi ni idadi ya kuwashwa na kuzimwa, kuliko dakika za kuwaka. Sasa fikiri hatua inayorudi. Injini ya katikati huwashwa wakati wa kupaa, huwashwa tena wakati wa kuingia kwenye hewa nzito, kisha wakati wa kutua. Na ikiwa roketi inarudi ilikotoka, kuna kuwashwa kwingine kwa kugeuza mwendo. Safari moja, mara tatu au nne. Injini za pembeni kabisa zinaweza kuwaka mara moja tu. Basi ukikagua injini zote 9 za hatua kama ya Falcon 9 kwa ratiba moja, unapoteza muda kwa zilizo salama na unachelewa kwa iliyochoka. Tengeneza injini zinazoweza kubadilishana nafasi, na uandike daftari la kuwashwa kwa kila moja tangu siku ya kwanza ya majaribio.

Sasa mizunguko, yaani njia za kuzungusha pampu zinazolisha injini. Ule wa kwanza huchoma mafuta kidogo pembeni kuzungusha pampu, kisha moshi hutupwa nje. Ndio wa Merlin, na pia Aeon R ya Relativity Space, ambayo inatumia methani. Unapoteza asilimia chache za ufanisi, lakini shinikizo ni la wastani na vipande ni vichache. Unaweza kuutengeneza vibaya mara tano na bado ukapata injini.

Wa pili hupitisha oksijeni yote kwenye kichomeo cha awali pamoja na mafuta kidogo, gesi hiyo ya moto huzungusha turbini, halafu huingia kwenye chumba kikuu bila kutupwa. Hakuna masizi kwenye turbini, na hiyo ni faida halisi kwa chombo cha kurudi. Adui ni oksijeni yenyewe: ikiwa moto na yenye shinikizo, hugeuza metali ya kawaida kuwa kuni. Wahandisi wa Kisovieti walilitatua kwa aloi maalumu na mipako iliyokinga metali, na waliokuja baadaye hutegemea zaidi aloi za nikeli. BE-4 ya Blue Origin inatumia mzunguko huu kwa methani ikiwa na shinikizo la karibu bar 135 tu, na tarehe 13 Novemba 2025 hatua ya kwanza ya New Glenn ilitua baharini kwa injini hizo. New Glenn ni roketi nzito, ila somo linaihusu ya kati moja kwa moja: chukua mzunguko wa hali ya juu, kisha usiukamue.

Rocket Lab walipita njia inayofundisha zaidi. Injini yao ya Archimedes kwa ajili ya roketi yao ya Neutron ilitangazwa kwanza ikiwa na mzunguko ule rahisi. Mwaka 2022 wakahamia huu wa oksijeni nyingi, na sababu waliyoitoa haikuwa kutafuta namba kubwa. Walitaka kupata msukumo uleule kwa joto la chini zaidi kwenye turbini, ili injini ifanye kazi mbali na ukomo wake. Injini inayotembea ikiwa na pumzi ndiyo inayorudi salama.

Mzunguko wa tatu hupitisha oksijeni yote na mafuta yote kwenye vichomeo viwili tofauti. Turbini zote mbili zinapoa, na muhuri unaotenganisha mafuta na oksijeni kwenye mhimili unaacha kuwa hatari kubwa. Raptor ni wa aina hii, na pia injini ya hatua ya kwanza ya Nova. Ni mzuri sana, ila kuwasha injini ya namna hii ni kama kuwaongoza wacheza ngoma wawili ambao kila mmoja anasubiri mguu wa mwenzake. Kwa timu ya kwanza, siupendekezi.

Kuna jambo la idadi ya injini ambalo halihusu mzunguko. Tuseme una injini 9 za tani 85 za msukumo kila moja, na hatua tupu inayotua ina tani 30. Ukibakiza injini moja na kuipunguza hadi asilimia 40, bado inasukuma tani 34. Huwezi kuelea, ni lazima kasi ifike sifuri sekunde ileile miguu inapogusa, la sivyo chombo kinapaa tena. Inawezekana, na Falcon 9 hufanya hivyo. Lakini ukichagua injini 5 za tani 150, moja kwa asilimia 40 inasukuma tani 60, mara mbili ya uzito wote, na muda wa kusahihisha kosa unakatika zaidi ya nusu. Ndiyo maana 9 inarudiwa kwenye Falcon 9, Neutron na Zhuque-3. Ukiweza kutengeneza injini inayoshuka hadi asilimia 30 bila kutetemeka, umejinunulia utulivu mwingi kuliko wa programu yoyote ya kuongozea.

Mwili: alumini, chuma cha pua au nyuzi za kaboni

Hapa ndipo mabishano huwa makali, na mara nyingi watu hubishana kuhusu uzito bila kuuliza uzito huo unagharimu nini. Basi tuhesabu. Hatua tupu ya tani 30 inahitaji kubadili kasi kwa mita 1,200 kwa sekunde ili ipunguze mwendo na kutua baharini. Kwa injini yenye msukumo mahususi wa sekunde 300, mlinganyo wa Tsiolkovsky, unaohusisha mafuta na kasi ya roketi, unasema ubakize tani 15 za mafuta. Ongeza tani 5 za mwili, mafuta ya kurudia yanapanda hadi tani 17.6. Kila tani ya mwili inabeba nusu tani nyingine mgongoni. Ukitaka kurudi ulikorushwa, ambako tuseme kunadai mita 3,000 kwa sekunde, zile tani 30 zinadai karibu tani 53 za mafuta. Hapo kila tani ya mwili inauma.

Alumini yenye lithiamu ndiyo chaguo la kale na la busara. Tangi la nje la Space Shuttle lilipobadilishwa kutumia aloi hiyo mwaka 1998, lilipungua zaidi ya tani 3. Inachomelewa kwa msuguano, bila kuyeyushwa, na mshono wake unaaminika. Udhaifu wake ni joto: ikivuka nyuzi 150 hadi 200 nguvu inaanza kushuka. Mapezi ya wavu ya Falcon 9, yanayoiongoza ikishuka, yalikuwa ya alumini yenye mpako, yakawa yanawaka moto yakishuka, hadi mwaka 2017 yalipoanza kubadilishwa kwa titani isiyohitaji mpako. Kwa hiyo ukichagua alumini, chagua pia kuikinga sehemu ya chini, na kuwasha injini kabla ya hewa nzito ili kupunguza kasi.

Chuma cha pua ni kizito karibu mara tatu ya alumini. Kinachokitetea ni kwamba kikipoa kwenye baridi ya oksijeni kinazidi kuwa imara bila kuwa kama kioo, na kikipata moto hakistuki. Kinanunulika popote, kinachomelewa nje ya jengo, na fundi anaweza kuziba kosa siku hiyohiyo. SpaceX walikuwa wameunda tangi la majaribio la nyuzi za kaboni lenye upana wa mita 12 mwaka 2016, kisha wakaliacha na kuhamia chuma kwa ajili ya Starship, roketi yao kubwa.

Ila angalia ukubwa. Tangi lenye upana wa mita 4 na shinikizo la bar 3, kwa chuma kinachobeba megapaskali 500, linahitaji unene wa milimita 1.2 tu. Karatasi ya unene huo kwenye silinda ya mita 4 hujikunja kama kopo la soda. Matangi ya chuma ya roketi ya Atlas ya zamani yalikuwa membamba hivyo, na bila shinikizo ndani yalianguka chini yenyewe. Utalazimika kuongeza unene au mbavu, na faida ya uimara inaliwa hapo. Chuma kinaanza kulipa vizuri mwili unapokuwa mpana. Zhuque-3, yenye upana wa mita 4.5, imethubutu hata hivyo: safari yake ya kwanza ya tarehe 3 Desemba 2025 ilifika obiti, na hatua ya kwanza ikaanguka karibu kabisa na mahali pa kutua.

Nyuzi za kaboni ni nyepesi kuliko zote, na zinakuwezesha kuufanya mwili mnene na mfupi, jambo linalosaidia kusimama baada ya kutua. Neutron imejengwa hivyo: mita 7 za upana, mita 43 za urefu, na kofia ya mzigo ikibaki imeshikamana na hatua ya kwanza badala ya kudondoka baharini. Hapo swali langu la mwanzo linakuwa zito. Ufa kwenye chuma unauona. Tabaka za kaboni zinaweza kuachana ndani huku uso ukiwa laini kama kioo. Tangi la hidrojeni la nyuzi za kaboni la X-33, mradi wa NASA wa chombo cha kurudiwa, liliharibika kwenye majaribio Novemba 1999 baada ya gesi kupenya kwenye nyufa ndogo za gundi, na mradi ukafutwa mwaka 2001. Teknolojia imesonga mbele tangu hapo, na methani haipenyi kama hidrojeni. Lakini ukichagua kaboni, nunua vifaa vya kuisikiliza kwa mawimbi ya sauti kabla ya kununua mashine ya kuifuma.

Basi uchague kipi

Timu ya kwanza, bajeti finyu, mzigo wa tani 5 hadi 10: methani, mzunguko rahisi, injini 9, alumini ya lithiamu, kutua baharini. Parachuti usizifikirie kwa ukubwa huu. Maji ya chumvi yakishaingia kwenye pampu umenunua kazi ya miezi.

Mwenye uzoefu wa metali na injini tayari, anayetaka kurusha kila wiki: mzunguko wa oksijeni nyingi uliolegezwa, shinikizo chini ya bar 150, mwili wa alumini, au wa chuma ikiwa upana unavuka mita 5.

Mwenye karakana kubwa ya nyuzi za kaboni na mafundi wake: kaboni, ila tenga vyombo viwili vya kupasuliwa kwa makusudi baada ya kupimwa.

Na yeyote kati yao, kabla hajachora tangi, achukue injini moja ya majaribio, aiwashe na kuizima mara 12 kwenye stendi bila kuigusa hata kwa spana. Hizo ni safari tatu au nne za injini ya katikati. Kisha aikate chumba kwa msumeno, apitishe kikuzio kwenye mfereji mmoja mmoja, na apime ni wapi shaba imekonda na kwa kiasi gani. Kipimo hicho ndicho cha kupelekea kwa wanaochora mwili.